Kiti Chekundu cha Bendera

Gideoni alikuwa anaijua barabara ya kutoka Myamba kushuka Bendera kama wewe unavyoijua njia ya kutoka kitandani kwenda chooni umeme ukiwa umekatika. Yaani hafikirii. Mikono inakwenda yenyewe, miguu inakwenda yenyewe, yeye katulia zake anatafuna kipande cha muwa. Na usidhani ni barabara ya kuchezea. Upande mmoja ukuta wa udongo mwekundu umekatwa juu kuliko gari. Upande wa pili hakuna kitu, hewa tu, na chini kabisa huko unaona migomba ya watu midogo kama mchicha. Kona zinajikunja hivyo hivyo mpaka tambarare. Halafu ongeza ukungu. Ukungu wa kule haupigi hodi, unakuta umeshaingia, umekaa, na huoni hata pua ya gari unayoendesha.

Sasa kwenye barabara hiyo hiyo, Gideoni alikuwa anakimbia.

Tena anakimbia na Land Rover ambayo ukimwonyesha mtu wa mjini atakuuliza makumbusho yenu yanafungua saa ngapi. Gari ilikuwa ya Lukasi, mwenye duka kubwa pale sokoni, na watu waliipa jina Mama Mkwe, kwa sababu huwezi kuiongelesha kwa sauti. Ukiikanyagia mafuta kwa hasira, inanuna. Ukiingiza gia taratibu, kwa adabu, kichwa umeinamisha kidogo, inakupeleka popote. Mlango wa kushoto ulifungwa kwa kamba ya katani. Redio haikuwepo, palibaki tundu lake tu, na humo Gideoni alikuwa anaweka muwa.

Kazi ilikuwa tangawizi. Siku ya kuuza, magari ya milimani, ya Myamba na ya Bombo, yanapakia viroba asubuhi yanateremka Bendera, ambako wanunuzi wanasubiri na mafuso yao. Na pale kuna desturi hakuna aliyeiandika popote, lakini jaribu kuivunja uone: gari inayofika ya kwanza ndiyo inafungua mzani. Mzigo wake unapimwa kabla ya mwingine wowote, mnunuzi bado ana hamu, hajaanza kuchagua chagua na kukunja uso. Na dereva wake siku hiyo anakaa kitini. Usicheke, ni kweli. Kuna kiti kimoja cha plastiki, chekundu, kando ya mzani. Aliyefungua mzani anakikalia, wengine wote mnasimama juani na jasho lenu. Gideoni alikuwa amekikalia kile kiti mpaka kikawa na umbo lake.

Hapo ndo jina lake lilipotokea. Ukisema Gideoni tu, watu wanakuuliza yupi, wapo wengi. Ukisema Gideoni wa kiti, hata mtoto anayechunga mbuzi anakuonyesha nyumba.

Lakini juu ya gari, nyuma ya kabini, kulikuwa na mtu mwingine.

Faustina, mke wake, alipanda pale kwa bahati mbaya. Miaka mingi nyuma utingo wao alikwenda Dar kumsalimia kaka yake, hajarudi mpaka leo, na siku hiyo mzigo ulikuwa umeshapakiwa. Faustina akasema, "Baba Yudith, mimi nitashika viroba, twende." Ilikuwa iwe siku moja. Akasimama juu ya viroba, kajifunga kanga kiunoni na koti la mvua juu yake, na kwa kuwa alikuwa ametokea jikoni, mkononi alikuwa na mwiko. Ule mrefu wa makande. Alisahau kuuacha.

Kwenye kona ya kwanza akaona kitu ambacho Gideoni huko chini asingekiona: kule juu, kichwa chake kilikuwa kimepita ule ukuta wa udongo. Aliona upande wa pili wa kona. Na ukungu ulipofunga, alisikia. Ndani ya kabini husikii kitu zaidi ya injini inayolalamika, lakini juu pale unasikia gari inayopanda, ng'ombe wanaokohoa, hadi boda anayeteremka kazima injini ili kubana mafuta. Basi akagonga paa kwa mwiko. Mara moja. Gideoni akakanyaga breki, na lori la mbao likapita mbele ya pua yake kama nyumba inayohama.

Toka siku hiyo ikawa lugha yao. Mlio mmoja: simama, kuna kitu. Miwili: kweupe, twende. Mfululizo kama mvua ya mawe: tope, punguza. Hawakuwahi kukaa chini wakapanga. Ilikuja tu, kama wenzako wanavyojua kwamba ukikohoa hivi unataka chumvi.

Kwa hiyo wakati madereva wengine wanafika konani wananyata, wanapiga honi, wanatoa kichwa dirishani kama kobe, Gideoni anasikia ko-ko juu ya kichwa chake na anaingia kona mguu haujaacha mafuta. Watu waliobaki nyuma wanasema, yule mzee ana macho ya paka. Na yeye, muda ulivyokwenda, akaanza kuamini. Hilo ndo tatizo la kusifiwa. Unaanza kusikia sifa, unaacha kusikia mlio wa mwiko.

Sasa sikia ilivyoharibika.

Siku moja mvua iliwafungia watu kwenye kibanda cha chai cha Devotha, pale sokoni Myamba. Alikuwepo Gideoni. Alikuwepo Jackson, fundi wa pikipiki, ambaye mdomo wake hauna breki hata moja. Alikuwepo Lukasi mwenyewe. Na akaingia Anderson, mtoto wa dada yake Lukasi, kijana aliyekuwa anaendesha gari ya pili ya mjomba wake: pikapu mpya, nyeupe, ina nguvu, vioo vinapanda kwa kubonyeza. Pamoja na gari hiyo yote, Anderson alikuwa wa pili Bendera kila wiki. Kila wiki, jamani.

"Shikamoo mzee Gideoni."

"Marahaba. Umefika salama? Maana juzi nilikusubiri Bendera mpaka kiti kikapata moto."

Kibanda kizima kikaangua kicheko. Anderson akacheka na yeye, lakini masikio yalimwiva.

"Cheka tu mzee wangu. Wewe siri yako ni Mama Mkwe. Ile ni fupi, nyembamba, kona zinaikubali. Hii ya kwangu ni pana kama kitanda cha harusi. Nipe ile mimi, uone."

"Nikupe Mama Mkwe? Wewe hata mama yako mzazi hujui kumbembeleza."

"Siyo utani. Dunia nzima wanabishana hivi hivi." Anderson akatoa simu, kioo kina ufa wa kona hadi kona, akawawekea video ya mashindano ya rali, gari zinarusha vumbi huko nchi za watu. "Mnaona? Jamaa huyu mwaka juzi alikuwa wa mwisho. Kabadilishiwa gari tu, huyo bingwa. Dereva ni yule yule! Gari, wazee. Gari ndiyo kila kitu."

"Na mwenzake aliyepewa gari hiyo hiyo akashindwa?" Gideoni akauliza. "Yupo?"

"Yupo."

"Haya. Na yeye gari ilimkosea nini?"

Wazee wakagonga meza. Devotha, aliyekuwa anamimina chai, akainama kwenye simu. "Na huyu wa pembeni anafanya nini? Mbona na yeye kavaa kofia?"

"Huyo anamsomea dereva kona, mama."

"Kwani dereva hazioni?"

"Anaziona, ila... aa, mama Devotha, we angalia gari basi!"

Hapo ndo Jackson akafungua mdomo. "Nyie mnajisumbua bure. Siyo gari, siyo dereva. Pale Mama Mkwe anayeendesha ni mwiko wa Faustina. Gideoni kawekwa kushikilia usukani usidondoke."

Weee! Kicheko kilichotoka pale, mvua yenyewe haikusikika. Mtu mmoja alipaliwa na maandazi. Anderson alikuwa kashika tumbo. Hata Lukasi, mtu asiyecheka mpaka afunge duka, alifuta machozi. Gideoni hakucheka. Alitazama chai yake ikitengeneza utando juu, na kitu kikamshuka kifuani, kizito, kikakaa.

Lukasi alipomaliza kufuta macho akasema, "Lakini hili swali mwenzenu linanihusu. Gari mbili siziwezi tena. Moja naiuza mwezi huu, na dereva nitabaki naye mmoja. Sasa mniambie, nibakize nini? Kama ni gari, nabaki na Mama Mkwe na yeyote atakayeiendesha. Kama ni dereva, basi dereva achague gari anayoitaka."

Utani ulikuwa umetoka nje, umeacha mlango wazi.

"Tubadilishane," Gideoni akasema. "Alhamisi. Anderson achukue Mama Mkwe, mimi nichukue hiyo mpya. Mzigo sawasawa. Nikifungua mzani, mtajua ilikuwa nini."

"Na nikifungua mimi?" Anderson akauliza.

"Ukifungua wewe, usukani wako. Mimi nitalima." Halafu akaongeza: "Na juu asipande mtu. Kwangu wala kwako."

Hilo la pili hakuna aliyelidai, wala hakuna aliyelipinga.

Nyumbani, Faustina alikuwa anapuliza moto. Nyumba yao iko juu kidogo ya barabara, kwenye kona moja mbaya sana, ukikaa barazani unaona magari yanavyotokeza chini ya miguu yako. Gideoni alizunguka zunguka uani, akashika jembe, akaliacha, akaingia jikoni.

"Mama Yudith, Alhamisi utabaki nyumbani."

"Kuna msiba?"

"Hamna. Utabaki tu. Naendesha ile mpya, peke yangu."

Faustina akaacha kupuliza. "Nani anagonga?"

"Hakuna kugonga."

"Baba Yudith." Alisema taratibu, kama anavyoongea na kuku anayetaka kumkamata. "Ile gari inafunga vioo mpaka masikio ya mtu yanaziba. Utasikia nini mle?"

"Nina macho."

"Kwenye ukungu?"

"Kwani mimi nilizaliwa na mwiko juu ya kichwa?" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Watu wananicheka! Wanasema naendeshwa na mke. Miaka yote hii nimeshika usukani, leo hii nimeambiwa nashikilia usidondoke!"

Faustina akaweka kuni nyingine. "Nipande nikae kimya basi. Nisiguse kitu. Kukitokea jambo tu..."

"Ukiwa juu, hata ukilala, watasema umegonga."

"Sawa." Akachukua ule mwiko pale ulipokuwa unaning'inia, akautumbukiza kwenye sufuria, akaanza kukoroga makande. Ulikuwa umechongeka ncha kwa kugonga bati, haukorogi vizuri tena. Gideoni alikula makande yale yameshika chini.

Alhamisi ukungu ulikuwepo kabla ya watu. Pale sokoni viroba vilipangwa, turubai likafungwa, Jackson akajifanya mwamuzi na filimbi ya shule aliyoiokota sijui wapi. Kila mtu alikuwa anacheka cheka. Anderson alipanda Mama Mkwe akaikanyagia mafuta kwa nguvu, ikazima palepale, watu wakapiga vigelegele. Gideoni akaondoka.

Mwanzoni ilikuwa tamu, lazima ikubalike. Pikapu ilivuta kama ng'ombe aliyeona maji. Ndani kuna joto, kuna redio, mtu wa redio anasoma matangazo ya vifo vya watu wa mbali. Gideoni alizima redio. Akateremka kipande cha kwanza kilichonyooka, akatazama kioo cha pembeni, nyuma kweupe, hakuna mtu. Akajiambia, unaona? Unaona sasa?

Halafu kona ya kwanza.

Mguu ukatoka kwenye mafuta. Yeye hakuutoa, ulitoka wenyewe. Ulikuwa unasubiri. Gari ikapunguza, ikapunguza, ikasimama kabisa katikati ya barabara, na Gideoni akabaki kashika usukani, shingo kaipandisha kidogo, anasikiliza paa. Paa lilikuwa kimya. Akashusha kioo. Ukungu ukaingia ndani ukamkalia mapajani. Akakipandisha kioo, akapiga honi, akaingia kona kwa gia namba moja, ananyata.

Kona ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu, hivyo hivyo. Na kila akisimama alikuwa anasikia, huko nyuma na juu, Mama Mkwe ikinguruma inakuja. Anderson alikuwa anapiga honi mfululizo, hatoi mkono, kama gari ya bibi harusi. Siyo ufundi, ila anasogea. Gideoni akahisi jasho linamtiririka mgongoni. Hii barabara aliyokuwa anaipita akitafuna muwa, leo haimjui. Au labda haikuwahi kumjua. Wazo hilo lilipoingia alilifukuza, likazunguka likaingia kwa mlango mwingine.

Sasa nyuma kwenye bodi kulikuwa na dumu la maji, tupu, mtu alilifunga kwa kamba pembeni ya kabini. Njiani kamba ililegea. Gideoni hakuwa na habari nalo.

Alifika kona ile ambayo upande wa bondeni kuna mti wa mgrevilea umeinama. Akapunguza. Tairi la nyuma likapita juu ya jiwe, likashuka. Na pale juu, nyuma ya kichwa chake, akasikia.

Ko. Ko.

Miwili.

Hakufikiri. Mtu akikwambia angalifikiri, muulize kama yeye hufikiri akisikia jina lake linaitwa. Mguu ukakanyaga mafuta mpaka chini, mikono ikakata kona, mwili wote ukalegea kwa raha kama mtu aliyefika nyumbani. Na ndani ya ukungu kukatokea taa mbili za njano, trekta linapanda na tela la mchanga, lipo katikati, halina pa kwenda.

Akaikata kulia, kwenye ukuta wa udongo. Ndiyo maana yu hai. Angekata kushoto tungekuwa tunaongea mengine. Pua ya gari ikaingia kwenye udongo, ikakunjika, ikamkuta mguu wa kulia pale pale ulipokuwa, kwenye mafuta.

Aliyemtoa ni Anderson. Alifika, akaacha Mama Mkwe katikati ya njia, akaruka, akavunja kioo kwa jiwe. Yeye na mwenye trekta wakamvuta kidogo kidogo. Gideoni hakupiga kelele. Alikuwa anauliza kitu kimoja tu, anarudia na kurudia: "Nani kagonga? Nani yupo juu?" Anderson akatazama juu. Lilikuwepo dumu, linaning'inia kwenye kamba, bado linacheza.

"Hakuna mtu, mzee. Hakuna mtu."

Siku hiyo mzani ulifunguliwa na gari ya Bombo iliyopita njia nyingine. Dereva wake alikaa kitini mpaka alipoambiwa kilichotokea, akasimama. Kwa hiyo hata swali halikujibiwa. Kwenye kibanda cha Devotha waligawanyika: wengine wakasema mnaona, gari, kapewa ngeni ikamvunja, wengine wakasema aa, dereva, kazeeka huyo. Walibishana kwa sauti ya chini, kwa heshima ya mgonjwa. Lakini walibishana.

Hospitali ya Same walimlaza muda mrefu. Yudith, binti yao anayeshona nguo kule mjini, ndiye aliyekuwa anampelekea uji na kumkatia kucha. Mfupa uliunga vibaya, kisigino hakishuki chini. Daktari alimweleza kwa upole, na Gideoni akauliza jambo moja: "Kitakanyaga breki?" Daktari akatazama karatasi zake, akasema pole mzee.

Akarudi Myamba kwa magongo. Lukasi alikuja kumwona, kabeba sukari, akakaa kwenye ncha ya stuli kama mtu anayetaka kuondoka hata kabla hajafika.

"Ile pikapu imekwenda," akasema. "Nimebaki na Mama Mkwe. Na wewe, hali kama unavyoiona..."

"Mpe Anderson," Gideoni akasema. "Nilishasema."

"Hujanikasirikia?"

"Kunywa chai, Lukasi."

Wiki chache baadaye akaja Anderson mwenyewe. Tope mpaka magotini. Akavua viatu nje, akamwamkia Gideoni, akamwamkia Faustina, akainamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake maneno yalimwishia.

"Sema, mwanangu," Faustina akasema.

"Mama, nimekuwa wa mwisho. Wa mwisho kabisa. Wiki iliyopita nimeingia mtaroni, wiki hii nimeingia mtaroni. Mama Mkwe mimi hainitaki." Akakuna shingo. "Nilikuwa naangalia ile video tena. Ya rali. Yule wa pembeni... Mama Devotha aliniuliza nikamjibu ovyo. Nimekuja kuomba unipandie juu. Kama baba ataruhusu."

Kuku aliingia, akadonoa donoa, akatoka. Faustina hakumtazama Anderson, alimtazama mume wake. Gideoni alikuwa ametazama mguu.

"Mimi siyo wa kuulizwa," akasema mwishowe. "Muulize mwenyewe."

"Baba Yudith, nani atakuwekea chakula?"

"Nina mikono."

"Sitaki uniambie baadaye..."

"Sitakwambia kitu." Halafu, kwa sauti ndogo sana, "Unataka kwenda?"

Faustina akapangusa mikono kwenye kanga, ingawa ilikuwa mikavu. "Kule juu ndo kazi ninayoijua," akasema. "Nilikuwa naiona barabara yote. Huku chini sioni kitu."

Alhamisi hiyo alichukua mwiko. Na Anderson akafungua mzani. Wiki iliyofuata, akafungua. Na iliyofuata. Sasa nadhani unajua watu walivyo. Pale kibandani ikawa Anderson hivi, Anderson vile, kijana ana macho ya paka, kijana kazaliwa na usukani. Kuna mtu alimrekodi anavyoingia kona, video ikazunguka kwenye magrupu yote ya WhatsApp hadi ya Wapare walioko Dar. Ukiitazama vizuri unaona juu ya viroba kuna koti la mvua, linapepea. Sura haionekani. Kwenye maoni chini hakuna aliyeuliza ni nani.

Gideoni aliletwa kijiweni mara moja tu baada ya hapo. Jackson ndiye aliyembeba kwenye pikipiki, kwa nia njema, kumtoa mawazo. Wakampa nafasi karibu na jiko. Na kwa kuwa watu hawana adabu, wakaanza upya.

"Sasa mzee, wewe ndo umeendesha zote mbili. Tuambie ukweli. Gari au dereva?"

Hata Devotha aliacha kupangusa meza. Gideoni aliwatazama mmoja mmoja, akafungua mdomo, na jambo ambalo lilikuwa limemkaa kifuani toka siku ya mvua likapanda mpaka kooni, na safari hii akaliachia.

"Ni mwiko," akasema.

Kibanda kikalipuka. Jackson alimpiga bega. "Mwenyewe huyo! Mzee karudi! Mnaona, anajitania mwenyewe sasa!" Walicheka mpaka wakashika mbavu, walifurahi kweli, kwa upendo kabisa, kwamba mzee wao kapona roho. Gideoni akarudia, "Nasema kweli. Mke wangu ndiye..." lakini Jackson alikuwa ameshaanza kuigiza mtu anayeshikilia usukani usidondoke. Gideoni akaomba arudishwe nyumbani.

Siku hizi siku ya tangawizi anatoka mapema barazani. Anakaa kwenye stuli, mguu kaunyoosha mbele, magongo kayaegemeza ukutani. Faustina anamwachia chai kwenye chupa na viazi kwenye sahani iliyofunikwa. Ukungu unakuwa umelala barabarani, yeye yuko juu yake kidogo, anauona kama maziwa yaliyomwagika. Anasikiliza.

Mama Mkwe anaijua toka mbali. Anasikia Anderson anavyoingiza gia, bado anaingiza kwa haraka, hajafunzwa bado kuinamisha kichwa. Inakaribia kona ile ya chini ya nyumba. Kwenye ukungu kinatokeza kichwa, halafu mabega, halafu koti la mvua, kama mtu anayeogelea. Faustina.

Mwiko unashuka. Mara moja.

Na pale barazani mguu mbovu wa Gideoni unasukuma chini, unakanyaga udongo kwa nguvu zote, maumivu yanampanda mpaka kiunoni, meno anayauma. Hausikii kuambiwa, huo mguu. Kila wiki anajiambia leo hautakanyaga, na kila wiki unakanyaga.

Boda anapita, kabeba majani ya ng'ombe. Kimya kidogo.

Ko. Ko.

Gari inaondoka. Gideoni anauachia mguu, anahema. Huko chini Faustina anazidi kuwa mdogo, mgongo wima, uso mbele. Hageuki kumtazama. Atageukaje, na kona nyingine iko hapo hapo.